MASISTA WA NKOKONJERU WALIANZA WAKIWA WANANE



Hapa Makutano nasikia mara nyingi: "Sisi ni wachache, tutafanya nini?" Tena nimeona kikundi kikifa kwa sababu mwenyekiti alihama, na vitabu vyote alikuwa navyo yeye. Hebu tuangalie majirani zetu wa Uganda.

Mwaka 1903 masista sita Wafransisko walifika Nsambya, Kampala. Mmoja wao alikuwa Sista Kevin Kearney kutoka Ireland, miaka 27. Walianza kutibu watu chini ya mwembe. Wagonjwa walikuwa wengi, masista wachache. Je, wangengoja wengine kutoka Ulaya mpaka lini?

Basi mwaka 1923 Mama Kevin alianzisha shirika la masista Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko. Walioanza ni wasichana wanane tu. Walifundishwa kazi ya ualimu na uuguzi. Nyumba yao mama ni Nkokonjeru, na baadaye walienea hadi Kenya na Tanzania.

Mizizi ya utawa huu ni ya zamani sana. Mwaka 1212 Mtakatifu Klara alianza kuishi na wenzake San Damiano, nje ya mji wa Assisi, Italia. Hakutaka mali, lakini kitu kimoja alikishikilia: kanuni iliyoandikwa, yao wenyewe. Papa aliikubali mwaka 1253, siku mbili kabla Klara hajafa. Klara akaenda, kanuni ikabaki. Kumbe katiba sio karatasi ya kupata cheti tu!

Mama Kevin alifariki Marekani mwaka 1957, akazikwa Ireland. Wakatoliki wa Uganda hawakukubali. Walichanga pesa, mwili ukaletwa, akazikwa Nkokonjeru. Lakini kazi haikuzikwa naye, kwa sababu alikuwa amefundisha wenyeji.

Akina mama na wazee wangu, mgeni mwenye msaada huja na huenda. Anayebaki ni yule mliyemfundisha.

Mjadiliane kikundini:
1. Mwenyekiti akihama kesho, nani anajua kuandika vitabu?
2. Katiba yetu iko wapi, na mara ya mwisho tuliisoma lini?
3. Ni kijana gani tunamfundisha mwaka huu?