Umelipa, tiketi iko kwenye simu, lakini geti linakukataa: Shida iko wapi?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye geti la boti za Zanzibar, mama mmoja ameinua simu juu. Kijana mwenye mashine ameskani mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila mara taa nyekundu.

"Mama, hii imeshapita," anamwambia.

"Imepitaje, baba, na mimi nimesimama hapa?"

Huyo mama ni mama yangu mdogo. Wifi yake alifariki Unguja usiku, maziko yamepangwa saa nne asubuhi, na boti ya saa moja ndiyo pekee ingemfikisha kwa wakati. Tiketi alikatiwa usiku uleule na kijana mmoja wa maeneo ya Feri ambaye jirani alimpa namba yake. Akatuma hela, akaongeza elfu tano ya "usumbufu", akaletewa picha WhatsApp. Picha safi kabisa: jina la boti, tarehe, na kale kamraba ka vidoti vyeusi.

Kilichokosekana ni kitu kimoja. Picha ileile alikuwa ametumiwa mtu mwingine, na huyo aliwahi kufika.

Boti ikaondoka. Mama mdogo alikata tiketi nyingine dirishani, akapanda boti iliyofuata, akafika jeneza limeshatoka nyumbani. Mpaka leo ukimtajia "tiketi ya simu" anakuangalia tu.

Nimemweleza mara nyingi, na leo nakueleza na wewe, kwa sababu jambo lenyewe ni rahisi ila hakuna anayetuambia tunapolipa: tiketi haiko kwenye simu yako.

Iko wapi sasa?

Iko kwenye kompyuta ya aliyekuuzia. Pale kuna orodha, kama daftari la mwenye duka. Mstari mmoja ni wako: jina, tarehe, saa, siti kama ipo, namba ya tiketi, na alama inayosema "haijatumika". Wewe unachobeba ni namba ya huo mstari, basi. Kale kamraba si kitu kingine, ni namba hiyohiyo imeandikwa kwa lugha ambayo kamera inaisoma haraka kuliko jicho la binadamu.

Ukifika getini mashine inasoma namba, inakwenda kuangalia kwenye orodha, inauliza maswali mafupi. Namba hii ipo? Ni ya leo? Ni ya geti hili? Imeshatumika? Majibu yakiwa sawa, taa ya kijani, na palepale ile alama inageuka kuwa "imetumika". Kuanzia sekunde hiyo, hata uje na picha ile imechapwa kwa rangi na kuwekwa fremu, hupiti.

Ndiyo maana picha moja ya tiketi inaweza kuuzwa kwa watu watano, na kwenye simu za wote watano ikaonekana halali. Hakuna iliyo feki kwa macho. Wa kwanza kufika ndiye mwenye tiketi, wanne waliobaki wana picha.

Ndiyo maana pia si vizuri kuweka tiketi yako "status" siku mbili kabla ya tamasha ili watu wajue utakuwepo. Unajua una marafiki wangapi wa kweli kwenye hiyo simu? Mtu akihifadhi ile picha, ana namba yako. Kama ni lazima uringe, funika mraba kwa kidole.

Na kuna jambo zuri ndani yake. Kama tiketi ni namba, basi hata mwenye kitochi ana haki ya kusafiri. Kwenye huduma nyingi ujumbe mfupi wenye namba ya tiketi unatosha, mhudumu anaiandika kwa mkono na jina linatokea. Simu janja inaharakisha foleni tu.

Mraba wenyewe

Mraba huo, QR kwa jina lake, ulitengenezwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso ya kundi la Toyota, chini ya mhandisi Masahiro Hara. Haukuwa wa tiketi. Ulikuwa wa kufuatilia vipuri vya magari kiwandani, ambako mikono ina grisi na karatasi zinachafuka. Kwa hiyo uliundwa uvumilie uchafu: ukitengenezwa kwa kiwango cha juu kabisa, hata ukiharibika kama asilimia 30 bado unasomeka. Ile miraba mitatu mikubwa ya kwenye kona inaiambia kamera upande wa juu ni upi, ndiyo maana hata ukigeuza simu kichwa chini inasoma.

Kioo chako kilichopasuka si tatizo kubwa kama unavyodhani. Matatizo ni mengine. Mwanga wa simu umeshushwa ili kuokoa chaji, na jua la Kivukoni linapiga moja kwa moja. Au umekata picha mpaka ukingo mweupe unaozunguka mraba umeondoka, na mashine nyingi zinauhitaji huo weupe ili zijue mraba unaanzia wapi. Au simu iko kwenye ule mwonekano mweusi wa usiku, rangi zikageuka. Kabla hujafika getini pandisha mwanga mpaka mwisho, acha ukingo, futa kioo na shati. Imetosha.

Feri na Kwa Mkapa: kadi si simu

Hapa ndipo watu wengi wa Dar wanachanganya, na sishangai.

Ukivuka kutoka Magogoni kwenda Kigamboni, nauli ya mtembea kwa miguu ni shilingi 200, na geti linafunguliwa kwa N-Card, kadi ya mfumo unaosimamiwa na Kituo cha Taifa cha Data, NIDC. Kadi hiyohiyo ndiyo inayotumika kuingilia mechi Uwanja wa Benjamin Mkapa. Kadi moja, lakini ndani yake mna vitu viwili tofauti.

Kwenye kivuko kadi ni kama mkoba: unaweka salio, ukigusa linakatwa. Kwenye mechi kadi ni kama kitambulisho: unalipia mchezo fulani kwa M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money au mtandao mwingine, unaingiza namba ya kadi, na kwenye ile orodha namba hiyo inaandikiwa jukwaa ulilolipia. Kwa hiyo mtu mwenye salio la elfu ishirini la kuvukia anaweza kufika Kwa Mkapa akarudishwa. Ana hela, hana tiketi. Na mwingine anafika na ujumbe wa malipo kwenye simu, kadi kaiacha Mbagala kwenye suruali nyingine. Huyo analo jina kwenye orodha, ila hana ufunguo. Anaonyesha meseji, anaapa, anaita mashahidi. Geti halisomi meseji.

Kingine ni tarakimu za kadi. Ukikosea moja, unaweza kuwa umemnunulia tiketi mtu usiyemjua. Soma tena kabla ya kuweka namba ya siri.

Jina lako lina kazi gani?

Kuna watu wanakasirika kuulizwa kitambulisho baada ya kulipa. Kwenye treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria Juni 2024 kwenda Morogoro na Julai mwaka huohuo kwenda Dodoma, unaweza kukata tiketi mtandaoni kwa simu, unajaza jina na namba ya kitambulisho, na pale stesheni unatakiwa uwe nacho. Kwenye boti za Zanzibar ni hivyohivyo. Mabasi ya mikoani nayo LATRA imeyasukuma kwenye tiketi mtandao. Wengi wanaona ni kusumbuana tu.

Mimi nilikuwa mmoja wao, mpaka nilipokumbuka MV Nyerere. Kivuko kile kilipinduka Septemba 20, 2018, karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao ni zaidi ya 220. Na katika siku zile za kwanza hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika walipanda wangapi. Iliripotiwa kwamba mkata tiketi alikufa maji na mashine yake ikapotea. Daftari lilizama na mwenye daftari. Ndugu walikuwa wamesimama ufukweni wakitaja majina, na hapakuwa na orodha ya kulinganisha nayo.

Njia hii yetu ya Dar na Zanzibar nayo ina kumbukumbu yake. MV Skagit ilitoka hapahapa bandarini Julai 18, 2012, ikazama karibu na Chumbe.

Orodha iliyoko kwenye kompyuta ya nchi kavu haizami na chombo. Lakini ina maana tu kama jina lililomo ni la aliyepanda. Mama mdogo alipoitazama vizuri ile picha, baada ya kutulia, aliona juu yake jina la mwanamume. Herufi ndogo, hakuwa ameisoma. Hata kama angewahi kupita, na likatokea la kutokea, angetafutwa mwanaume mmoja ambaye pengine alikuwa nyumbani kwake amelala.

Kwa hiyo ukikata tiketi, andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho chako. Si "Mama Zai", si "Baba Junia". Na ikate kwa namba yako ya simu, maana uthibitisho unatumwa huko. Ukikatiwa na mtu kwa namba yake, siku mkigombana tiketi ni yake.

Mtego wa saa

Huu sijaona ukiandikwa popote, na umewaacha watu wengi. Tiketi za mtandaoni zinaandika saa kwa mtindo wa kizungu wa saa ishirini na nne. Sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza. Tiketi ikisema 07:00, hiyo ni saa moja asubuhi. Ikisema 12:30, ni saa sita na nusu mchana. 16:00 ni saa kumi jioni.

Kijana anayesoma mwenyewe hakosei sana. Kosa linatokea pale anapompigia bibi kijijini: "Bibi, basi lako ni saa kumi na mbili." Bibi anafika stendi alfajiri na kikapu chake, kumbe tiketi inasema 12:00 na basi linaondoka saa sita mchana. Huyo amechoka tu. Yule ambaye tiketi yake inasema 06:00, na mjukuu akamwambia "saa sita", ndiye aliyeachwa.

Mbaya zaidi ni safari za usiku wa manane. Tiketi yenye 00:30 ya tarehe 15 ni ule usiku ambao wewe bado unauita wa tarehe 14. Ukienda stendi tarehe 15 baada ya chakula cha usiku, gari lako limeshafika lilikokwenda. Ukimkatia mtu mzima tiketi, mtamkie saa kwa Kiswahili, na mtajie na siku: "Jumanne usiku kuamkia Jumatano."

Picha ya skrini, chaji na bando

Je, upige picha ya skrini? Piga, ya tiketi yako, kwa matumizi yako. Watu maelfu wakikusanyika sehemu moja mtandao unazidiwa, na kusubiri barua pepe ifunguke huku watu wanakusukuma mgongoni ni mateso. Picha ikiwa ndani ya simu haihitaji bando. Tahadhari ni kwamba baadhi ya programu za matamasha zinabadilisha mraba kila baada ya muda mfupi, makusudi, ili picha isifanye kazi. Ukiona mraba unachezacheza au una saa inayohesabu, fungua programu yenyewe pale getini.

Namba ya tiketi iandike pia kwenye kikaratasi, weka kwenye pochi pamoja na kitambulisho. Simu ikizima chaji au ikiibwa Kariakoo, nenda dirishani na vitu hivyo viwili. Mhudumu anaweza kuutafuta mstari wako. Ukienda mikono mitupu na maelezo, anakuhurumia lakini hana pa kuanzia.

Na ujumbe wa malipo usiufute mpaka safari au mechi imekwisha. Dabi ya Simba na Yanga iliyopangwa Machi 8, 2025 iliahirishwa siku ileile, ikaja kuchezwa Juni 25. Miezi mitatu na nusu. Ni watu wangapi wanabaki na meseji ya Machi mpaka Juni, na hizi simu zetu zinazojaa kila wiki?

Kuhusu kununua kwa kijana wa mtaani, sitasema wote ni matapeli, wapo mawakala halali wenye ofisi na risiti. Ila kama mtu anataka hela itumwe kwenye namba yake binafsi na anakuletea picha tu, mwambie akukatie kwa jina lako na namba yako, ujumbe uingie kwako ukimwangalia. Wa kweli hukubali. Yule wa mama mdogo, nilipompigia mchana ule, simu yake ilikuwa haipatikani.