Jino Bila Mngurumo

Busia ni miji miwili yenye jina moja, mmoja Kenya na mwingine Uganda, na kati yake malori hayanyamazi. Mtoto mwenye usonji anayefikishwa kliniki ya meno kupitia barabara hiyo, au aliyeletwa kutoka Tororo kwenye gari lililosheheni abiria, huwa amechoka kabla hajaketi. Ubongo wake hauchuji sauti, mwanga na harufu kama wa wengine. Taa humchoma macho, glavu zinamnukia, na mashine ya kuchonga jino anaisikia hadi mifupani. Akirusha mateke, foleni nzima huamua kwamba mama yake hakumfunza adabu.

Njia ya kuikwepa mashine hiyo ilipatikana hapahapa Afrika Mashariki, tena kwa sababu nyingine kabisa. Katikati ya miaka ya 1980, daktari wa meno Jo Frencken na wenzake nchini Tanzania walitafuta namna ya kutibu meno pasipo na umeme. Wakakwangua uozo kwa kijiko kidogo cha chuma, wakaziba tundu kwa simenti (si ile ya viwanda vya Tororo!) inayonata kwenye jino na kutoa floraidi. Kelele hakuna, na mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Bado wapo wanaoiita tiba ya maskini. Kwa mtoto huyu mimi ningeichagua hata umeme ukiwepo.

Ipo pia dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi, iliyoingia katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Hupakwa kwa brashi, na mara nyingi uozo husimama. Huacha doa jeusi. Mzazi aambiwe kabla.

Chumba nacho kina kazi yake. Katika utafiti wa Los Angeles uliochapishwa 2023, watoto 162 wenye usonji walisafishwa meno katika chumba cha kawaida na katika chumba chenye mwanga hafifu, muziki mpole na kitambaa kizito cha kuwakumbatia. Katika hicho cha pili, vipimo vya ngozi vilionyesha miili imetulia zaidi. Kwa Busia hilo ni pazia, shuka la nyumbani na miadi ya alfajiri. Siku ya kwanza mtoto akalie kiti tu, ashike kioo, aende zake. Ukimwahidi utahesabu hadi kumi, ishia kumi. Na mama aulizwe kwanza: mtoto asiyezungumza huenda anaonyesha maumivu kwa kukataa ugali au kujipiga shavu.

Uozo ukishafika kwenye mshipa, kijiko hakifui dafu. Hapo mara nyingi ni kung'oa, na baadhi ya watoto watalazimika kulazwa usingizi katika hospitali kubwa, mbali, kwa safari yenye kelele zake.