Kufundisha Logi za Kizio Chochote

Mwalimu anayetaka kufundisha logi asianze na jedwali wala kompyuta. Aanze na kanga. Hapa Bagamoyo ni nadra kuikosa nyumbani. Kanga ikikunjwa katikati mara moja, huwa na tabaka 2. Mara ya pili, 4. Kisha 8, 16 na 32. Mwalimu aulize: "Ili kupata tabaka 32 tumekunja mara ngapi?" Anayejibu "mara 5" amekwisha kutaja logi ya 32 katika kizio cha 2, ijapokuwa jina hilo hajalisikia. Logi ni kipeo kinachotafutwa.

Jedwali la shule hutumia kizio cha 10. Lugha nyingi za kompyuta nazo hutoa logi za vizio vichache tu, hasa 10 na kizio asilia, ambacho ni karibu 2.718. Kwa kizio kingine, gawanya logi ya namba kwa logi ya kizio hicho. Sababu yake ni hii: ikiwa 2 yenye kipeo k ni sawa na 32, basi k mara logi ya 2 ni sawa na logi ya 32. Kizio kizidi 0 wala kisiwe 1, kwani 1 hata ikizidishwa kwa yenyewe mara mia hubaki 1.

Tujaribu kwa jedwali la tarakimu nne: 1.5051 ÷ 0.3010 = 5.0003. Ziada hiyo imetokana na kukadiria. Kompyuta nayo hukadiria, kwa kuwa huhifadhi tarakimu zenye kikomo. Katika lugha ya Python, logi ya 243 kwa kizio cha 3 hutoka 4.999999999999999.

Nakiri kosa langu. Niliandika programu iliyokata desimali, ikatoa 4. Mwanachuo aliyeandika 5 nikamkosesha. Akaomba chaki, akaandika ubaoni: 3 × 3 × 3 × 3 × 3 = 243. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake.

Kwa hiyo, programu ikadirie jibu kwa namba nzima iliyo karibu, isikate desimali; kisha ihakikishe kwa kuzidisha. Ikiwa zao si namba iliyotolewa, jibu halisi lina desimali, nalo liachwe hivyo. Nawe mwalimu, kabla ya kumkosesha mtoto kwa sababu ya mashine, mpe chaki kwanza.