Je, Wajua? Cool Papa Bell, Mwizi wa Vituo

Je, wajua kwamba duara zima la vituo vinne vya besiboli lina urefu wa karibu mita 110? James Bell, maarufu kama Cool Papa, alipimwa siku moja kwenye uwanja uliolowa mvua akalimaliza kwa sekunde 13.1. Mwenyewe alidai uwanja ukikauka anatumia 12. Na kumbuka, huyu alikuwa akikata kona!

Je, wajua kwamba hakuanza kwa kukimbia? Mzaliwa huyu wa Starkville, Mississippi, aliingia St. Louis Stars mwaka 1922 kama mrushaji wa mkono wa kushoto, akiwa na miaka 19. Watu wazima walimjia na magongo yao na yeye hatetemeki, ndipo wakamwita “Cool”. Meneja wake, Bill Gatewood, akaona jina hilo halijashiba, akaliongezea “Papa”.

Mbona basi akahamishiwa uwanja wa nje, kule katikati? Miguu, ndugu yangu! Wakamfundisha na kupiga akiwa amesimama upande wa kushoto, kwa sababu anayepiga kutoka upande huo yuko hatua moja au mbili karibu zaidi na kituo cha kwanza. Mpe Bell hatua mbili uone kama utamkamata.

Je, wajua ni kwa nini humwoni kwenye ligi kuu ya enzi hizo? Ilikuwa ya Wazungu watupu. Weusi walianzisha yao mwaka 1920, na humo Stars ya akina Bell ikatwaa ubingwa mwaka 1928, 1930 na 1931.

Sasa shika kiti. Pittsburgh Crawfords ya miaka ya 1930 ilikuwa na Bell, Satchel Paige, Josh Gibson, Oscar Charleston na Judy Johnson. Wote 5 wamo leo kwenye Ukumbi wa Mashuhuri wa Cooperstown. Klabu moja!

Umewahi kusikia ile ya taa? Paige alitangaza dunia nzima kwamba Bell akizima taa, anakuwa ameshajifunika shuka kabla chumba hakijaingia giza. Ukadhani ni chumvi, sivyo? Bell alikuja kueleza uzeeni kwamba ilitokea kweli! Walikuwa hotelini, na swichi ya chumba chao ilikuwa mbovu: ukiibonyeza, taa inasubiri kidogo ndipo izime. Bell aliigundua mapema, akanyamaza. Paige alipoingia, Bell akabonyeza, akatembea zake taratibu, akapanda kitandani, akavuta shuka, na taa ndiyo kwanza inazimika. Hakukimbia hata hatua moja.

Je, wajua kwamba alisema msimu wa 1933 aliiba vituo 175 katika mechi zipatazo 200? Kuiba kituo, kama huijui besiboli, ni kuchomoka mbio kwenda kituo cha mbele mpira ukiwa bado kwa wapinzani. Hesabu rasmi za ligi za Weusi zilikuwa na mapengo, maana mechi nyingi hazikuandikwa popote. Mimi nampa zote 175, wewe je?

Je, wajua kwamba aliwahi kuchezea timu ya dikteta? Mwaka 1937 yeye, Paige na Gibson walivuka kwenda Jamhuri ya Dominika kuichezea timu iliyobeba jina la Rafael Trujillo, na Paige alisimulia jinsi askari wenye bunduki walivyokuwa wakiwalinda. Timu ikachukua ubingwa. Nani angethubutu kufungwa?

Mexico ndiko alikopakuliwa sahani iliyojaa. Mwaka 1940 aliongoza ligi ya huko kwa wastani wa kupiga, .437, akaongoza kwa mipira ya kuzunguka vituo vyote, 12, na kwa mikimbio aliyoiingiza, 79. Mataji 3 kwa msimu mmoja!

Haya, sogea nikunong’oneze. Mwaka 1945 kijana Jackie Robinson alikuwa akicheza kati ya kituo cha pili na cha tatu, na wakubwa waliona mkono wake hautoshi pale. Bell akaamua kumwonyesha kwa vitendo: akapiga mpira taratibu upande wa kulia wa Robinson, akafika kituo cha kwanza kabla ya mpira. Akarudia tena. Mwaka 1947 Robinson alipokuwa Mweusi wa kwanza wa karne ya 20 kuingia ligi kuu, alicheza kituo cha kwanza.

Mwaka uliotangulia, 1946, Bell akiwa na miaka 43 bado alikuwa akiwania ubingwa wa kupiga. Kwa masimulizi yake, alijiweka kando kwa makusudi ili taji limwendee Monte Irvin, kijana aliyekuwa na nafasi ya kutakiwa na ligi kuu. Irvin aliingia Cooperstown mwaka 1973. Bell akafuata mwaka 1974!

Je, wajua alichofanya akiwa na miaka 45? Mwaka 1948, dhidi ya nyota wa ligi kuu, alikuwa kituo cha kwanza, Paige akaugusa mpira kidogo tu ukadondoka karibu. Mtu wa kituo cha tatu akaufuata, kituo kikabaki wazi, mdakaji Roy Partee akakimbilia kukiziba. Bell akampita palepale njiani akaenda kugusa nyumbani, ambako hapakuwa na mtu!

Mwaka 1951 St. Louis Browns ya ligi kuu ikamwita. Miaka 48! Akakataa, akaendelea na maisha yake St. Louis, ambako alifanya usafi kisha ulinzi wa usiku katika jengo la halmashauri ya jiji. Leo mji huohuo una barabara yenye jina lake.

Na hii ya mwisho ni ya Paige, kwa hiyo ibebe na chumvi yake: eti Bell alimpigia mpira ukampita sikioni, kisha mpira huohuo ukampiga Bell mwenyewe akiwa anateleza kuingia kituo cha pili.