Hendeli ya Trekta Kuukuu: Jinsi ya Kuipiga bila Kuvunjika Mkono

Wakulima wa pamba wa Bariadi na Simiyu yote wamezoea jembe la kukokotwa na ng'ombe, nao wajua kwamba ng'ombe asiyezoea nira hupiga teke. Injini kuukuu nayo hupiga teke, na teke lake huvunja mfupa. Twaona vema kuwaeleza wasomaji wetu sababu yake na njia ya kujikinga.

Matrekta ya zamani, kama Fordson lililoanza kuundwa Marekani mwaka 1917, yaliwashwa kwa hendeli iliyotiwa mbele ya injini. Ndani ya silinda pistoni hupanda, huubana mvuke wa petroli pamoja na hewa, kisha cheche ya plagi huuwasha, na nguvu ya moto huisukuma pistoni chini. Lakini cheche ikija mapema, pistoni ingali yapanda, moto huirudisha nyuma kwa ghafula, na hendeli hurudi pamoja nayo. Ajali hizi zilikuwa nyingi, hata waganga wa Ulaya wakauita mvunjiko mmoja wa mfupa, karibu na kifundo cha mkono, kwa jina la madereva.

Basi apigaye hendeli na ashike mambo haya. Kwanza, gia iwe huru na magurudumu yawekewe mawe. Maana trekta likiwaka huku gia imeingia, litamkanyaga aliye mbele yake. Pili, wenzo wa cheche urudishwe upande wa kuchelewesha. Tatu, kidole gumba kisiizunguke hendeli, bali kilale upande mmoja na vidole vingine, ili injini ikirudi nyuma hendeli ichopoke mkononi. Nne, aanze chini, avute juu kwa mkono wa kushoto. Asiisukume chini kamwe kwa uzito wa mwili, maana hapo teke likija mkono hauna pa kukimbilia.

Hata leo ziko injini za dizeli za kusagia nafaka zipigwazo kwa hendeli. Hizo hazina cheche: kwanza valvu hufunguliwa ili hewa isibanwe, injini huzungushwa mbio, kisha valvu hufungwa. Injini ikishika, usiiache hendeli ikizunguka peke yake, maana yaweza kuruka na kumpiga mtu. Ishike mpaka itoke.

Waalimu na wazee wa vijiji wawafundishe vijana haya kabla hawajaigusa hendeli. Tahadhari kabla ya hatari.