Wapigapicha Unguja Waulize Matengenezo Kabla ya Kununua Kamera

Hewa ya bahari na unyevu wa Mji Mkongwe ni adui wa kamera. Chumvi hutia kutu sehemu za chuma, na kuvu huota ndani ya lenzi. Mpigapicha anayetegemea harusi, au tamasha la Sauti za Busara katika Ngome Kongwe kila Februari, hukosa kipato siku chombo chake kinapokwama.

Kampuni za Canon na Nikon zina mipango maalumu kwa watu wa kazi hiyo. Mwanachama, ambaye kwa kawaida hutakiwa kuthibitisha kazi yake na vifaa anavyomiliki, hutengenezewa kamera mapema kuliko wateja wengine, na pengine huazimwa nyingine wakati akisubiri. Katika Michezo ya Olimpiki, kampuni hizo huweka mafundi wao karibu na wanahabari.

Hata hivyo, uanachama na dhamana mara nyingi hufuata nchi au ukanda. Hapo ndipo wengi hujikwaa: kamera iliyoletwa na ndugu kutoka Dubai huweza kuwa nafuu, lakini dhamana yake isikubaliwe hapa nchini. Mnunuzi aulize kwanza kamera itapokelewa na kituo gani kinachotambuliwa na kampuni na nani atalipia usafirishaji, kisha atunze risiti yenye namba ya kamera hiyo.

Ikilazimu kupelekwa nje kutengenezwa, ni vyema ioneshwe kwa maofisa wa forodha kabla ya kuondoka, ili irudipo isihesabiwe kuwa bidhaa mpya.