Vidole Kugeuka Rangi kwa Baridi: Maradhi Yake na Udhu Wake



Familia za Unguja na Pemba zenye vijana wao kazini Musoma, Bunda na Butiama zimetuuliza: mtu akigusa maji baridi alfajiri, vidole vinakuwa vyeupe kama vya maiti, vinakufa ganzi, kisha vinauma vikipata joto. Je, ni sihri?

Haya ni maradhi yanayojulikana. Tabibu wa Kifaransa, Maurice Raynaud, aliyaeleza mwaka 1862 na yanaitwa kwa jina lake. Baridi au fadhaa hufanya mishipa midogo ya damu ya vidole vya mikono na miguu ijikaze kupita kiasi. Damu haifiki, kidole kinapauka, kinakuwa cha samawati, na damu ikirudi kinakuwa chekundu na kuchoma. Kwenye ngozi nyeusi rangi hizi hujificha. Tazameni kucha na upande wa kiganja.

Wala haihitaji theluji ya Ulaya. Musoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwenye mishipa ya namna hii upepo wa asubuhi wa Ziwa Victoria unatosha, seuze kushika barafu ya sangara.

Aghlabu, hasa kwa wasichana, ni usumbufu tu. Kinachotutia hofu ni aina inayotokana na jambo jingine. Huko Butiama kuna Buhemba, kwenye wachimbaji wa dhahabu. Mashine ya kutoboa mwamba, ikitetemeka mikononi kwa miaka, huharibu mishipa na neva za vidole. Vumbi la mawe nalo linahusishwa na maradhi ya ngozi kukakamaa, ambayo mara nyingi huanza kwa dalili hii hii. Basi ikianza ukubwani, au mkono mmoja tu, au ngozi ikakaza, au ncha ya kidole ikatoka kidonda, aende hospitali. Musoma ipo ya rufaa. Ruqya ni kheri na hatumzuii mtu, lakini ncha ya kidole iliyoanza kuwa nyeusi haisubiri kombe.

Nyumbani, avae glavu na soksi, aupashe moto mwili wote, aache sigara. Asiweke vidole juu ya makaa: kilichokufa ganzi huungua bila kuhisi. Baadhi ya dawa za presha, kama propranolol, huzidisha hali hii. Amwambie daktari, asiziache mwenyewe. Daktari anaweza kumpa nifedipine, inayolegeza mishipa.

Ama udhu, apashe maji moto, na hakuna karaha. Kuosha mara moja ndiyo faradhi, mara tatu ni sunna. Amr bin Al-As, Allah amridhie, alitayamamu usiku wa baridi kali safarini, na Mtume (s.a.w.) hakumkemea. Lakini hiyo ni kwa anayechelea madhara na hana cha kupashia maji, si kwa mvivu wa kuwasha jiko. Mwenye kidonda kinachodhurika na maji, kwa madhehebu yetu ya Shafi, ataosha viungo vizima na kutayamamu kwa ajili ya kile kilichobaki.

Kwa vidole vya miguu zipo khuffu. Akizivaa akiwa na tahara kamili, atapaka juu yake mchana na usiku mmoja akiwa mkaazi, siku tatu akiwa msafiri.

Wallahu aalam.